"Baba haongei na sisi, anaongea na madereva"

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Malaba, upande wa Uganda. Nauza vitenge. Mume wangu ni wakala wa forodha hapa mpakani, na kwa asiyeujua mpaka huu niseme tu kwamba malori hayalali. Yanapanda kutoka Mombasa usiku na mchana, mengine yanaishia Kampala, mengine yanakwenda Juba au Kigali, na dereva akikwama na karatasi zake anampigia mtu wa kumkwamua. Mtu huyo ni mume wangu. Ana simu tatu: ya laini ya Uganda, ya laini ya Kenya, na moja kubwa ya kupokelea nyaraka kwa WhatsApp. Tukila, zote tatu zinakaa mezani kando ya sahani yake.

Simlaumu kwa kila kitu. Si mlevi, hana makuu, halali nje. Nikilalamika dada zangu hunicheka, eti una mume anayerudi nyumbani kila jioni, unataka nini tena? Nataka aongee nasi, Shangazi. Anaweza kumaliza sahani nzima ya posho, yaani ugali, na samaki, akainuka kunawa, na ukimuuliza amekula nini hajui. Mtoto akimwambia jambo anajibu "eeh, eeh," halafu baada ya muda anauliza, "Ulisema nini?" Siku hizi watoto wamechoka kurudia.

Watoto nao wana yao. Mkubwa ana miaka 14, yuko kidato cha pili, anasoma bweni upande wa Mbale. Shuleni kwao simu ni marufuku, kwa hiyo akirudi likizo anachukua ile simu yangu ya zamani, anajilaza kwenye kochi na TikTok mpaka usiku wa manane. Nikimwita anaitika bila kuinua uso. Wa pili ni msichana wa miaka saba, yeye ni katuni za televisheni. Kitinda mimba ana miaka mitatu, na huyo hali bila video. Nikiizima anafunga mdomo na kugeuza kichwa. Basi naiwasha, ale, niendelee na kazi.

Kilichonifanya niandike ni mambo mawili.

La kwanza. Binti yangu alikuwa uani na mtoto wa jirani, wanacheza baba na mama. Mimi nilikuwa naanika nguo, hawakunijali. Akamwambia mwenzake, "Wewe ndiye baba, shika simu," akampa kipande cha sabuni. Yule mtoto akaweka sabuni sikioni, halafu akaanza kuwauliza watoto wao wa mchezo kama wameshakula. Binti yangu akamkatiza: "Hapana, sivyo. Baba haongei na sisi, anaongea na madereva." Mchezo ukaendelea. Mimi nilibaki nimeshika shati la mwanaume huyo, sijui nicheke au nilie.

La pili. Juma lililopita nilibadilisha neno la siri la waifai bila kumwambia mtu. Nikapika kuku na ugali wa wimbi, nikasema moyoni leo tutakula kama watu. Kijana alijaribu kuingia, ikagoma, akanitazama, akatoka. Alirudi saa tatu usiku, kumbe alikuwa kwenye duka la jirani ambalo waifai yake haina kufuli. Lakini aliyewaka zaidi ni mume wangu. Kulikuwa na dereva aliyekuwa anasubiri karatasi moja itumwe jioni ile, na karatasi haikwenda. Akanisema mbele ya watoto: "Simu hii unayoichukia ndiyo karo, ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo mtaji wa hivyo vitenge vyako." Sikuwa na jibu. Kuku alipoa.

Mama mkwe alikuja kututembelea mwanzoni mwa likizo. Alikuwa amepanga kukaa wiki nzima, akaomba arudishwe mapema. Alisema kwa Kiteso chake cha taratibu kwamba alikuja kuona nyuso na ameonyeshwa nywele. Tulimrudisha kijijini kwake nje ya Tororo, tukalala huko. Ilikuwa msimu wa karanga, tukamsaidia kumenya. Ajabu ni kwamba kijana alikuwa mtu mwingine kabisa, aliongea mpaka usiku. Ndipo nikajua kwamba muhula uliopita aliugua malaria wiki nzima bwenini na hakutuambia. Lakini tuliporudi Malaba mambo yakawa yale yale, kwa hiyo nadhani ilikuwa hewa ya kijijini tu.

Swali langu: nikusanye simu zote saa moja jioni nizifungie kabatini? Mume wangu nitamwingizaje katika jambo hili bila ugomvi? Au ni mimi niliyepitwa na wakati? Rafiki zangu wanasema dunia imebadilika, nizoee.

Mama wa Watatu,
Malaba

*Shangazi anajibu*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi. Hujapitwa na wakati. Mtu anayetaka mumewe ajue amekula nini hajapitwa na kitu chochote.

Ila kuna dhana moja nataka niiondoe mapema, ile kwamba zamani familia zilikaa kila jioni zikaongea mpaka usingizi ukawachukua. Mimi nimekulia kambi ya polisi. Baba yangu alikuwa na redio moja, na Dira ya Dunia ya BBC ilipoanza, hata kukohoa lilikuwa kosa. Habari zikiisha alivaa koti akaenda kwa wenzake. Kule kaskazini mwa Uganda Waacholi walikuwa na wang'oo, moto wa jioni uani ambapo wazee waliwasimulia watoto na kuwaonya. Sehemu nyingi moto huo ulizimika kabla TikTok haijazaliwa. Uliondoka na vita vya waasi wa LRA na zile kambi ambazo watu walihamishiwa kwa wingi kuanzia 1996, wakabanana katika vibanda vilivyokaribia kugusana, uani wenyewe ukawa haupo. Familia hupoteza jioni zake kwa njia nyingi: vita, pombe, kazi ya zamu, bweni. Simu ni ya juzi. Ukiifanya mchawi wa pekee utapigana nayo, na siku utakapoishinda mtaketi mezani wote watano mkiwa hamna la kusema.

Ndiyo maana kabati nalikataa. Nchi hii imetupa somo la bure kuhusu kufunga vitu kwa amri. Julai 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kuingia WhatsApp, Facebook, Twitter na ndugu zao. Watu walifanya nini? Hata wasiojua herufi VPN zinasimamia nini waliiweka kwenye simu zao, ile programu ya kupenya mtandao uliozuiwa. Kodi ile ikaja kuondolewa mwaka 2021, ikawekwa ya asilimia 12 juu ya data. Na Facebook ilipofungwa Januari mwaka huo huo, VPN zikarudi kazini. Mwanao alifanya kile kile, tena kwa miguu. Alikuta mlango umefungwa akatafuta mwingine, na mlango aliouona wa karibu ni wa dukani kwa jirani, saa za usiku, mahali ambapo hujui nani mwingine anaketi.

Na kuhusu karatasi ya yule dereva, siko upande wako. Mtu ana kazi ambayo lori likisimama kuna anayelipa, na anayelipa atamtafuta wakala. Ulimkatia kazi bila kumwonya. Alikosea kukusema mbele ya watoto, hilo unaweza kumwambia na utakuwa na haki. Lakini hasira yake ilikuwa na sababu, na ukitaka akusikilize anza kwa kumwambia kwamba hutaigusa tena waifai kimyakimya.

Sasa turudi kwenye kile kipande cha sabuni. Umenieleza vizuri baba wa mchezo alishika nini. Hukuniambia mama wa mchezo alishika nini.

Nauliza kwa sababu najua vitenge vinauzwaje siku hizi. Unavipiga picha, unaviweka WhatsApp, mteja wa Tororo anauliza bei, wa Busia anataka rangi nyingine ya ua lile lile, wa tatu anasema ametuma pesa na haijaingia. Barua yako mwenyewe ilinifikia kwa simu, saa tano za usiku zikiwa zimepita. Umezihesabu simu tatu za mumeo, ya kijana, televisheni ya binti, video ya mdogo. Yako haimo kwenye hesabu. Sisemi hivi ili nikuongezee mzigo, Mungu ni shahidi, mama wa watoto watatu mwenye biashara ana mizigo ya kutosha. Nasema kwa sababu ya mbinu tu. Ukiitisha kikao cha simu na yako ikalia, mumeo atakifunga kikao hicho kwa sentensi moja, na kijana atacheka chini kwa chini. Ingia ukiwa umeshajihesabu. Sema: wateja wangu nao watasubiri.

Kisha karanga. Hapa nataka tukae kidogo, maana nadhani umeniandikia dawa halafu ukaiita hewa.

Fikiria tena kilichotokea kule kwa mama mkwe. Hakuna aliyemnyang'anya mtoto simu. Alikuwa na ungo mbele yake, vidole vimejaa vumbi la maganda, na mtu mwenye vidole vya namna hiyo hagusi kioo cha simu hata ukimpa. Macho yalikuwa chini kwenye karanga, si usoni kwa mtu. Hilo kwa kijana wa miaka 14 ni jambo kubwa kuliko unavyodhani. Mkalishe kitini mkitazamana, muulize shuleni kukoje, atakuambia "kuzuri" na hapo ndipo mwisho. Anajiona yuko kituoni anaandikisha maelezo. Mpe kazi isiyohitaji akili, itakayochukua muda mrefu, watu wengine wakiifanya kando yake bila kumkazia macho, na maneno yatatoka yenyewe. Habari ya kwamba niliugua wiki nzima peke yangu bwenini haiulizwi ikapatikana. Inaponyoka mahali fulani kati ya karanga ya mia mbili na ya mia tatu, wakati bibi anatafuta ungo mwingine.

Bibi naye alifanya jambo moja ambalo sisi wazazi hatuliwezi: hakuwa na haraka, na hakuwa na swali. Alikuwa na kazi tu ambayo haiwezi kuisha bila mikono ya wengine. Yule mtoto alihitajika. Pale Malaba, Mama wa Watatu, nani anamhitaji? Chakula kinapikwa bila yeye, duka linaendeshwa bila yeye, malori yanavuka bila yeye. Mtoto wa bweni yuko mbali nanyi karibu miezi tisa kwa mwaka. Akirudi ni nusu mgeni. Utani mpya wa nyumbani umempita, mdogo wake amejifunza kuongea yeye hayupo, na marafiki wake wametawanyika Soroti, Kampala, Lira, hawapatikani ila ndani ya kile kioo. Hata mazoea yenyewe ya skrini tuliyapanda wenyewe: shule zilipofungwa Machi 2020, zisifunguliwe kikamilifu mpaka 10 Januari 2022, ni sisi tuliowapa watoto simu tukawaambia wasome. Kwa hiyo usimwone kama mtovu wa adabu. Muone kama mtu aliyefika kwenye nyumba ambayo kila nafasi ina mwenyewe, akachukua kochi.

Basi mpelekee mama mkwe ujumbe, mwombe gunia la karanga zenye maganda yake. Naona unacheka, lakini sitanii. Zikiisha kuna maharagwe ya kuchambua, mahindi ya kupukuchua, matoke ya kumenya, mchele wa kutoa mawe. Kuna chapati, ambazo ni kazi ya watu watatu: mmoja anakanda, mmoja anasukuma, mmoja anageuza, na hakuna kati yao mwenye mkono msafi. Kuna vitenge vyako vya kupima na kukunja. Usiviite "muda wa familia." Ukimtangazia kijana kwamba leo kuna muda wa familia atakimbilia dukani kwa jirani hata kama waifai ya nyumbani iko wazi. Sema tu: njoo unishikie hapa.

Jumapili mchana, kazi zikiwa zimeisha, toeni karata. Mchezo wetu wa matatu unajulikana na kila mtoto wa Uganda aliyepita bwenini, na mwanao bila shaka atawafunga wote. Mwacheni awafunge. Ludo pia ni nzuri, ila iwe ya ubao. Ya kwenye simu dereva akipiga tu, mchezo umekwisha.

Mumeo.

Usimwombe aache simu. Hataiacha, na akikuahidi ataiacha atakuwa amekudanganya ili alale. Mpaka haulali, umesema mwenyewe. Mwombe kitu kidogo chenye mwanzo na mwisho: kuanzia chakula kinapopakuliwa mpaka sahani zinapoondolewa. Kwa nyumba nyingi ni dakika 40 hivi. Lori lililotoka Mombasa limeshakaa njiani siku kadhaa, dakika 40 za wewe kula hazitaliua. Na hata hizo usizifanye za chuma. Anao wenzake ofisini, wanaweza kupokezana saa hiyo ya jioni. Simu za siku hizi zina sehemu ya kuzuia usumbufu ambayo inaruhusu namba chache ulizochagua na kunyamazisha nyingine zote. Kijana wako anaijua, mwambie amwekee baba yake. Hiyo nayo ni shughuli ya pamoja, ukitaka kujua. Simu mbili zibaki chumbani, moja iwe na sauti kwa namba hizo chache.

Na ikilia? Mama mkwe wako ni Mteso, kwa hiyo hili mumeo amelelewa nalo. Wazee wakizunguka chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi, kila mmoja ana mrija wake mrefu ndani ya chungu kile kile. Mtu akiitwa anaweka mrija, anainuka, anakwenda kushughulikia jambo lake, anarudi kwenye kiti chake na mazungumzo yanampokea. Hakuna anayeleta shauri lake la nje akaliongelea kwa sauti pale chunguni huku wengine wakimtazama. Meza yako iwe hivyo. Simu ikilia anainuka, anaongelea uani akiwa amesimama, anarudi. Utashangaa jinsi simu zinavyofupika mtu akisimama gizani na mbu.

Mwambie haya mkiwa wawili, asubuhi ya siku asiyo na haraka. Si mezani, wala si usiku akiwa amechoka. Na kabla ya kumwomba chochote msimulie kisa cha sabuni kama ulivyonisimulia mimi, neno kwa neno. Usiongeze "unaona sasa." Usiongeze chochote. Mwanaume anayerudi nyumbani kila jioni anawapenda watu wake; kisa kile kitamfanyia kazi ambayo malalamiko ya mwaka mzima hayajaifanya.

Kuna jambo jingine ningeliomba kwake, na hili nalipenda kuliko yote. Siku moja kabla ya likizo kuisha amchukue kijana akakae naye ofisini. Amwonyeshe mzigo unavyofuatiliwa, karatasi inavyokosewa herufi moja na lori likazuiwa, dereva aliyelala kwenye kiti cha lori akisubiri muhuri. Watoto wako wanaijua simu ya baba yao kwa mgongo tu, wanaona inavyowanyima baba. Hawajui ndani yake kuna watu wenye shida wanaoomba kusaidiwa. Mvulana akiona kazi ile ataielewa karo yake, na baba atakuwa na mtu nyumbani wa kumwuliza, "Yule dereva wa jana alivuka?" Hapo hata mazungumzo ya malori yatakuwa mazungumzo ya nyumbani.

Binti wa katuni hanipi wasiwasi. Mtoto anayeweza kuigiza nyumba yenu kwa kipande cha sabuni akili yake iko macho. Zima tu ile sehemu inayoleta kipindi kinachofuata chenyewe, ili kikiisha kiwe kimeisha, na umwite kwenye chapati.

Wa miaka mitatu ni tofauti, huyo umshughulikie kweli. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka mitano: kwa umri wake skrini isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi, acheze huku mwili ukisogea kwa jumla ya saa tatu au zaidi, alale kwa jumla ya saa 10 hadi 13 ukihesabu na usingizi wa mchana. Ubaya wa video wakati wa kula ni kwamba mtoto hali, analishwa. Macho yako kwingine, mdomo unafunguka wenyewe, na tumbo likisema limeshiba hakuna anayelisikia. Mketishe na wenzake, mpe sahani yake ndogo, aguse, amwage, ajipake. Siku za mwanzo atakataa na atalia, na wewe utatamani kuiwasha. Ondoa sahani bila ugomvi, mpe tena baadaye kidogo. Mtoto mwenye afya hajiui kwa njaa mbele ya ugali. Ukiona anapungua kweli au amelegea, hiyo si habari ya simu tena, mpeleke kituo cha afya.

Usiku simu zote zichajiwe sebuleni, yako ikiwa ya kwanza kuwekwa pale. Mumeo abaki na ile moja ya dharura, na kijana aelezwe sababu waziwazi, asije akaona sheria ni ya wadogo tu. Atanung'unika. Manung'uniko siyo uasi, yaache yapite.

Usianze yote kwa pamoja. Ukianza yote utachoka Jumatano. Anza na meza na karanga, mengine yatafuata au hayatafuata.

Ila moja lisisubiri meza wala karanga. Mtoto wako aliugua malaria wiki nzima katika shule unayoilipia karo, na hakuna mtu mzima aliyekuarifu. Umeliandika kwa mstari mmoja ukapita. Kabla hajafunga sanduku lake, zungumza na matroni wa bweni, umuulize mtoto alipimwa lini, alipewa dawa gani, na kwa nini nyumbani hakukupigwa simu. Mpe namba yako na za baba yake zote tatu. Hiyo ni simu moja ambayo sitaki uiahirishe.

Shangazi